Chumba cha Chumvi

Jumamosi, 18 Februari
Chumba cha wageni kimekwisha! Kuta za chumvi, kitanda cha chumvi, hata meza. Matofali nimeyakata mwenyewe kwenye jangwa la chumvi, midomo imepasuka, macho mekundu. Jirani yangu Saturnino ana hosteli ya chumvi na sura ya mtu aliyebuni chumvi. Sasa atanikoma. Alipita, akagonga ukuta kwa kidole, akasema, “Hongera, jirani. Usije ukaulowesha tu.” Wivu mtupu.

Mke wangu Basilia hakupongeza. Chumba kimekalia palipokuwa jiko lake. Sasa anapikia uani kwenye upepo. Kaniambia waziwazi: wageni wa kwanza wakinung'unika, anafunga mzigo anakwenda kwa dada yake mjini Uyuni. Amewahi kusema hivyo. Ila safari hii kasema polepole, nikaogopa.

Jumatatu, 20 Februari
Dereva wa watalii ataniletea mwalimu na mkewe kutoka Cochabamba, walale hapa kesho. Wakiridhika, ataleta wengine kila wiki. Basilia kafua mablanketi bila kuambiwa. Dalili njema.

Jumanne, 21 Februari
Siku ya kumnywesha Mama Ardhi. Kijiji chetu chote cha Colchani kimepambwa karatasi za rangi, kila mtu anamwagia bia pembe za nyumba yake. Nikachungulia kwa Saturnino. Tone hapa, tone pale! Na utajiri wote ule! Mimi nimemwaga kreti nzima, nyingi kwenye ukuta wa kichwani mwa kitanda, ndipo baraka zinapotakiwa. Basilia akapiga kelele: “We Fulgencio! Chumvi hiyo!” Nikamwambia Mama Ardhi hapimiwi kwa kijiko.

Wageni walifika jioni. Wakauliza harufu ya nini. Nikasema mila.

Jumatano, 22 Februari
Ukuta wa kichwani umeanguka alfajiri. Kwa upande wa nje, taratibu, haukumgusa mtu. Lama wetu, wanyama wa sufu wasioshiba chumvi, wakaingia kulamba kilichobaki. Mwalimu kaamshwa na ulimi sikioni. Alidhani ni mkewe, ndiyo maana alichelewa kupiga kelele.

Wamehamia kwa Saturnino, viatu mkononi. Basilia hakunigombeza. Alifunga mzigo tu. Nikakaa kitandani nikalia sana, na kitanda kikazidi kulowa.

Ijumaa, 24 Februari
Basilia hakwenda Uyuni. Saturnino alikuwa anatafuta mpishi. Kampa jiko lenye kuta nne na chumba cha kulala. Jana Basilia kaniletea supu ya nyama ya lama, akanisalimu kwa adabu kama tusiojuana. Nyumba imepoa. Namkumbuka, basi.

Halafu nikashtuka. Kumbe nina jasusi ndani kwa Saturnino! Leo nimekwenda kwenye dirisha la Basilia, nikamwuliza kwa kunong'ona hosteli ile imepungukiwa nini. Akasema bafu, wageni wanapanga foleni.

Bafu! Kesho naingia jangwani kukata matofali. Bafu zima la chumvi, sakafu mpaka dari, na maji ya moto. Nilipomweleza, Basilia alifunga dirisha.

Anaogopa tusije tukasikika.