Kioo cha Masizi

Jumatatu, 9 Juni 1975

Waongo wote! Kariakoo nzima inasema eti niliikalia ngao yangu ya kuchomelea, ile ya kuziba uso yenye kioo cheusi. Sikuikalia! Nilikuwa napepea nayo moto wa mihogo. Kioo kikapata joto, kikalia ta, kikapasuka! Basi. Hayo mengine wamepika. Ndiyo maana naandika mwenyewe. Mwalimu wa kisomo cha watu wazima kasema tuandike kila siku, na darasani mimi ndiye wa kwanza kwa mwandiko, wa pili hayupo.

Sasa balaa. Lango la duka la ushirika linatakiwa kabla ya Saba Saba. Bushiri, mwenyekiti wetu hapa karakanani mtaa wa Gerezani, katangaza: asiye na ngao nzima hagusi mashine. Ngao nzima anayo Tarsis peke yake, kijana wa Kilimanjaro, kazaliwa mimi nishachomelea nusu ya bandari. Kioo kipya hakuna dukani mpaka meli ije. Lango apewe Tarsis? Watu wapite pale miaka hamsini wakisema kazi ya Tarsis? Thubutu!

Nishapata akili.

Jumanne, 10 Juni

Akili yenyewe: kioo cha picha yetu ya harusi. Nimekipaka masizi ya kibatari. Cheusi tii! Bushiri kakitazama kwa mbali, kakubali. Nani fundi?

Sitara, mke wangu, kauliza mbona picha imebaki uchi. Nikamwambia uzuri wake hautaki kizuizi. Kaguna.

Nikaanza lango. Tatizo dogo: sioni kitu. Nikafuta masizi kidogo, kadirisha kama punje ya hindi. Jasho likafuta yaliyobaki. Mwisho nikawa nainua ngao, napiga, nachungulia. Tarsis akaniambia mzee teremsha ngao, macho hayana spea. Nikamjibu yangu ya Mjerumani, hayaharibiki. Karakana nzima ikacheka. Nimemweza!

Jumatano, 11 Juni

Naandika kwa jicho moja, nalo linagoma.

Jana magharibi machoni ilikuwa mchanga. Leo pilipili. Sitara kanikuta nimelowesha mto kwa machozi, kadhani kafa mtu. Dawa kila fundi anaijua: matone ya maziwa ya mama anayenyonyesha. Na mtaani kwetu anayenyonyesha ni nani? Severa. Mke wa Tarsis! Siendi. Bora upofu.

Saa nne nimeenda.

Kwanza nilimtuma Sitara aombe, aseme ni ya paka aliyefiwa na mama. Sitara hajui kudanganya, kosa langu kumuoa. Severa akamwambia huyo paka aje mwenyewe. Nikaenda nimefunikwa khanga kichwani, nashikwa mkono. Makuli wa sokoni wakaweka mizigo chini, wakatoa pole, wakauliza mazishi saa ngapi.

Severa kuniona tu, kacheka hadi sufuria ya uji ikamwagika. Kakamulia kwenye kijiko, tone, tone. Hata mtoto kanitazama vibaya. Hapo hapo Tarsis kaingia kula. Kanikuta kwenye kigoda chake, uso juu, mdomo wazi.

Akageuka, akatoka bila kula. Hilo ndilo lililoniogopesha.

Alhamisi, 12 Juni

Kumbe Tarsis alikwenda kunisemea karakanani! Nimeingia tu, Bushiri kaniambia kwa maziwa yale nimeshakuwa mtoto wa Tarsis, kwa hiyo nimwamkie. Wote wakaweka nyundo chini, wanangoja shikamoo. Mimi! Mwinyimvua! Nina wajukuu saba!

Nikakimbilia kwa mwalimu wa madrasa. Kacheka hadi kofia ikaanguka, kisha kasema maziwa ya jichoni hayamfanyi mtu mtoto. Nikarudi na fatwa yangu mbio mbio. Hakuna aliyetaka kuisikia. Tarsis kanipa peremende, kasema haya mwanangu, usilie.

Macho yakazidi kuuma. Sitara kaniburuza zahanati. Nesi mmoja, Josepha, mkali kama ndimu, kanifokea. Maziwa ni chakula cha mtoto, jichoni yanatia uchafu tu. Mwanga wa kuchomelea ndio ulioniunguza. Nifumbe macho siku mbili, kitambaa cha maji baridi juu yake. Na mashine nisiiguse bila kioo chenyewe, kilichotengenezwa kwa kazi ile. Masizi si kioo. Nikirudia, kasema, nisimfuate yeye, nitafute fimbo ya kipofu.

Ijumaa, 13 Juni

Nimefumba. Ndiyo maana mistari inapanda mlima.

Jumamosi, 14 Juni

Macho yamefunguka! Bushiri naye kaamua: lango la Tarsis, mimi nipake rangi. Rangi! Kama mtoto wa shule anayepaka ua alilochorewa na mwalimu!

Kisha Tarsis kaja mwenyewe. Hakutania. Kasema tupokezane ngao yake, asubuhi yeye, mchana mimi, bawaba zote ziwe zangu, hata jina langu alipige kwenye chuma. Sharti moja tu: niiteremshe usoni, nisichungulie.

Nimekataa. Nipewe masharti na kijana wa peremende?

Nimeokota chupa mbili za bia, nimezikata vitako. Vya kahawia, vinene, vinakaa machoni kama nimezaliwa navyo. Nimevifunga kwa mpira wa baiskeli. Jumatatu alfajiri, kabla Tarsis hajafika, bawaba zote nitakuwa nimezimaliza. Na vikishindwa, mtoto wa Severa ana miezi miwili tu. Dawa ipo hadi mwakani.

Jambo moja nimetia chumvi, nalisema kwa kuwa daftari ni langu. Severa hakucheka, wala uji haukumwagika. Alinishika kidevu taratibu, akasema pole baba, tulia.

Afadhali angecheka.