Gauni la Drafti la Kidoli

Jumatatu, 3 Machi
Mpwa wangu anatengeneza mchezo wa kompyuta wa kuvalisha kidoli. Kidoli chenyewe ni cha pikseli, yaani vimraba vidogo vya rangi, na chote hakizidi kidole gumba. Anataka gauni moja lenye mapambo, la ukurasa wa kwanza. Kaniomba mimi. Halafu kamwomba na shangazi yake. Atakayeshinda, jina lake litaandikwa pale chini. Tangu binti huyu azaliwe, shangazi mtu ndiye wa mbele: kumbeba yeye, kumpa jina yeye. Safari hii sikubali. Lazima paandikwe "mjomba".

Jumanne, 4 Machi
Gauni jeupe, madoa mekundu. Asubuhi nzima nimekodolea macho kioo cha kompyuta, shingo imekufa ganzi. Mpwa akaangalia, akauliza kwa upole kama kidoli kina surua. Shangazi mtu, ambaye ni nesi, akashauri kitengwe na wenzake. Wakacheka mpaka wakashikana mabega. Nikamaliza chai yangu, nikaondoka.

Jumatano, 5 Machi
Mbinu. Nimempigia simu shangazi mtu, sauti ya asali. Nikamwambia maua mengi yamepitwa na wakati, aweke ua moja tu, kubwa, kifuani. Akashukuru. Kaingia mkenge.

Alhamisi, 6 Machi
Ua lile limependeza. Limependeza mno. Na shangazi mtu anamwambia kila anayemkuta kwamba wazo ni la mjomba. Nimeona haya kidogo, kisha hasira ikarudi. Bado nina kesho. Nina drafti.

Ijumaa, 7 Machi
Gauni la drafti, kijivu na nyeupe, kila kimraba mahali pake. Sijawahi kufanya kazi safi namna hii. Mpwa akalitazama, akauliza gauni liko wapi. Nikamwonyesha kwa kidole. Akasema, mjomba, hapo hapana kitu.

Kumbe ile programu ya kuchorea, mahali pasipo na rangi yoyote, huweka drafti za kijivu na nyeupe. Nimeshona hewa. Palionekana kichwa, mikono miwili na viatu. Shangazi mtu akageuza uso kwa heshima.

Mpwa hakucheka. Alisema ukurasa wa kwanza ni wa shangazi, ila amenibakizia wa pili, wa bustani, kidoli kinaposimama kwenye nyasi zenye maua ya njano. Na jina langu ataliandika. Akanisihi tu, kabla ya kuchagua rangi, nitazame kwanza kilicho nyuma ya kidoli. Nilishindwa kumtazama usoni. Mtoto huyu ananipenda.

Jumamosi, 8 Machi
Nimemsikiliza neno kwa neno. Nimetazama kilicho nyuma. Gauni la kijani kilekile cha nyasi, maua madogo ya njano, kofia ya kijani, viatu vya kijani. Vimeoana kabisa, huwezi kujua gauni linaishia wapi na bustani inaanzia wapi. Shangazi mtu ajipange.