Sefu Iliyofungwa

Jumatatu asubuhi, mtu aliyejulikana mjini kwa jina la Kwa Hiyo alisimama mbele ya uwanja wa vyuma chakavu, akaitazama sefu moja kama mtu anayemtazama shangazi tajiri aliyepotea siku nyingi.

Ilikuwa sefu ya zamani, ya kijivu, ndefu kiasi cha kufika kiunoni, na mlango wake ulikuwa umefungwa.

"Hiyo inauzwaje, kaka?" akauliza.

"Kwa uzito, kama vyuma vingine," mwenye uwanja akamjibu.

"Na ndani mna nini?"

"Mimi nanunua chuma, ndugu yangu. Siri sinunui."

"Hujawahi kuifungua?"

"Fundi wa kuifungua anataka zaidi ya bei ya chuma chenyewe. Ilitoka kwenye ofisi iliyovunjwa, ufunguo haukuja nayo. Inanizibia njia tangu wakati wa mvua. Unaitaka, au umekuja kuipa pole?"

Kwa Hiyo aliitaka, na sababu yake ilikuwa nzito kuliko sefu. Kwa muda mrefu alikuwa akilala kwenye kochi la dada yake mkubwa. Jumamosi mama mkwe wa dada huyo angewasili kwa ziara ambayo hakuna aliyethubutu kuuliza mwisho wake, na kochi lilikwisha kuahidiwa.

"Mdogo wangu," dada alimwambia, "una ndevu, una hoja, huna mlango. Ikifika Ijumaa jioni nisikukute hapa. Katafute mlango wako."

Mlango alikuwa ameupata. Ulikuwa wa chumba kimoja chenye dirisha kubwa na komeo la ndani, na mwenye nyumba, aliyekuwa safarini hadi Ijumaa asubuhi, aliahidi kukishika mpaka Ijumaa saa sita mchana, kodi ikiwa mkononi. Kilichopungua ni kodi.

Inafaa msomaji aelezwe kazi ya bwana huyu. Alipata kusoma mantiki katika chuo ambacho, baada ya muhula mmoja na nusu, kiliona ni afadhali kiendelee bila yeye. Tangu hapo aliishi kwa kuwauzia watu masanduku ya bati yenye kufuli kubwa. Hakupata kumwambia mteja hata mmoja kwamba ndani mna mali. Alimwonyesha kufuli, akampa hoja, na kumwacha mteja afike kwenye mali kwa miguu yake mwenyewe. Ndani ya kila sanduku yeye mwenyewe alikuwa ametia mawe mawili yaliyoviringishwa kwa gazeti. Mteja alipokwisha kuyaona mawe hayo alipiga kelele, Kwa Hiyo aliisikia kelele akiwa mtaa wa pili, na hapo alijua kwamba biashara imekamilika.

Basi akainunua sefu, akakodi mkokoteni na wanaume wanne, na kuipeleka moja kwa moja kwa dobi wa kona, mwanamke mnene mwenye sauti ya upole ambaye wateja walimwita Mama Pasi. Alimchagua kwa utaratibu. Mama Pasi hakutupa kitu. Vifungo vilivyodondoka kwenye nguo za watu alivihifadhi katika chupa, na vipande vya sabuni alivikanda vikawa mche mpya. Mtu asiyetupa kitu ana tamaa, Kwa Hiyo aliwaza. Mwenye tamaa hununua siri. Kwa hiyo Mama Pasi atanunua. Ilikuwa hoja nzuri. Haikuwa na kasoro yoyote isipokuwa kwamba haikuwa kweli.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Umeleta koti lifuliwe? Lakini sefu mimi sifui."

Kwa Hiyo akacheka kwa adabu. "Ni ya marehemu mjomba wangu, mama. Aliniapisha kwamba mtu wa ukoo wetu asiifungue. Nami kiapo naheshimu. Lakini hakusema isiuzwe."

"Mjomba alikuwa na kazi gani?"

"Hakusema. Watu wa namna ile hawasemi. Hebu tufikiri pamoja, mama yangu. Sefu ni ya nini? Ni ya kulinda kitu. Nani atalinda hewa? Hakuna. Na hii imefungwa. Kwa hiyo..."

Hapo alinyamaza, kama ilivyo desturi yake, ili mteja aokote hitimisho mwenyewe.

"Ni nzito?" Mama Pasi akauliza.

"Nzito? Waulize hawa wanne."

Wale wanne walikuwa wameketi chini wakihema.

Mama Pasi akachukua kipande cha kamba ya kuanikia, akapima urefu wa sefu, kisha upana. Akaisukuma kwa bega. Haikutikisika. Akaisukuma tena kwa nyonga, na nyonga ya Mama Pasi haikuwa kitu cha mchezo. Sefu ikabaki palepale. Kwa Hiyo alimtazama kwa furaha tulivu, maana aliona tamaa inavyomhangaisha mwanamke wa watu.

"Haiyumbi," Mama Pasi akasema, na uso wake ukang'aa. "Nitaichukua, lakini hawa waniingizie mpaka ndani, waiweke nitakapowaonyesha."

Akatoa fedha bila kubishana sana, jambo ambalo lingemshtua mtu mwenye mashaka. Kwa Hiyo alikuwa mtu wa hoja, hakuwa mtu wa mashaka. Akaitia kodi ya chumba ndani ya bitana ya koti na kuondoka kabla sefu haijavuka kizingiti.

Laiti angengoja kidogo, angeona mambo. Katika chumba cha nyuma, Mama Pasi alikuwa na mashine kubwa ya kufulia aliyoinunua kwa bei ya kutupa kutoka hoteli iliyofungwa. Bei ilikuwa ya kutupa kwa sababu mashine ilikuwa ikitembea. Kila ilipofika wakati wa kukamua nguo ilitetemeka, ikanguruma, ikaondoka kwenye kona yake na kuelekea mlangoni. Siku moja ilimfungia Mama Pasi ndani hadi jirani alipokuja kumwokoa. Alijaribu mifuko ya mchanga ikapasuka. Alijaribu kuikalia mwenyewe, akajuta. Kwa hiyo alirudi kufua kwa mikono na kungoja apate kitu kizito kisichoyumba. Wanaume wale wanne waliisukuma sefu mbele ya mashine, wakaibana mashine kwenye kona, na Mama Pasi akaiwasha. Ikanguruma, ikatetemeka, isiende popote.

Jumanne Kwa Hiyo alitega sikio mtaa wa pili. Hakusikia kelele. Jumatano pia hapakuwa na kelele. Alhamisi alipita upande wa pili wa barabara, kofia ikiwa machoni, akamwona Mama Pasi mlangoni akiimba. Juu yake paliangikwa kibao kipya, rangi haijakauka: NGUO ZAKO LEO LEO. Foleni ya wateja ilifika kwa muuza viatu.

Usiku huo kochi lilimchoma. Sefu hii haikuwa kama masanduku yake. Masanduku aliyafunga mwenyewe na mawe aliyajua kwa sura. Sefu ilifungwa na mtu mwingine, mtu asiyemjua, na hoja aliyomuuzia Mama Pasi sasa ilirudi na kuketi kifuani pake. Nani atalinda hewa? Aliyenunua sefu tupu hupiga kelele. Mama Pasi hakupiga kelele, bali anaimba na kupaka rangi vibao. Kwa hiyo sefu si tupu. Kwa hiyo mjinga wa hadithi hii ni nani?

Mara nyingi alikuwa amewaona watu wakifikia hitimisho lile. Hakupata kuliona kwa ndani, na alishangaa kuona lilivyo zuri.

Ijumaa, duka lilipofunguliwa tu, alikuwa mlangoni.

"Mama, mjomba amenijia ndotoni. Anataka sefu irudi kwenye ukoo."

"Pole, baba. Mwambie mjomba haiwezekani."

"Nitarudisha fedha yako yote."

"Sikiliza, mwanangu. Tangu sefu hiyo iingie humu ndani, nimepumzika. Kibao umekiona, watu umewaona. Yote ni kwa sababu yake. Nikuuzie, nirudi nilikotoka?"

Kila neno lilikuwa kweli tupu, na kila neno lilimzamisha zaidi.

"Umeifungua?" akauliza kwa sauti ya chini.

"Niifungue ya nini? Inanifaa hivyo hivyo ilivyo."

Kwa Hiyo akatabasamu kwa heshima, fundi akimtambua fundi mwenziwe. Aliyekwisha kuitoa mali angeuza ganda kwa furaha. Huyu anakataa kuuza. Kwa hiyo mali ingalimo. Akaipasua bitana ya koti, akaweka mezani kodi ya chumba, na juu yake akaongeza akiba yote ya masanduku ya bati.

Mama Pasi akaitazama fedha, kisha akamtazama yeye, kama mtu anayetazama doa asilojua limetokana na nini.

"Baba, mimi ningekuwa wewe nisingeinunua."

"Najua kwa nini unasema hivyo, mama."

"Haya. Mimi nimesema. Lakini niletee kwanza kitu kingine cha uzito ule ule. Pasibaki wazi."

Kwa Hiyo alielewa mara moja. Majirani wasigundue kwamba sefu imeondoka. Mwanamke alikuwa hatari. Akakimbia kwa wafyatua matofali, akavua saa yake ya mkononi, akaibadilisha na bonge la zege lililosimama kama ng'ombe aliyegoma, pamoja na nauli ya mkokoteni. Bonge likaingia kwa mlango wa nyuma, sefu ikatokea kwa mlango wa mbele. Safari hii wale wanne hawakuuliza chochote. Mwenye akili alikuwa mmoja tu kati yao, naye alisema kwamba sefu imepata tabia ya kutembea.

Fundi wa funguo alikuwa na kibanda hatua chache kutoka hapo. Alitaka malipo kabla ya kuanza. Kwa Hiyo hakuwa na kitu ila koti, na bitana yake ilikuwa imepasuka, lakini fundi alikuwa na mke mshonaji, akalikubali. Akatoboa, akapuliza vumbi, akatoboa tena. Foleni ya wateja wa Mama Pasi iligeuka kutazama. Saa sita ilipita, na mwenye nyumba wa chumba chenye komeo la ndani akamkabidhi ufunguo mtu mwingine, kama alivyosema atafanya.

Mlango wa sefu ukafunguka.

Fundi akaingiza kichwa, akaingiza mkono mpaka begani, akapapasa kila pembe kwa uaminifu wa mtu aliyekwisha kulipwa.

"Hamna," akasema.

"Hamna nini?"

"Hamna hicho unachokitafuta. Wala kingine."

Toka chumba cha nyuma ilisikika mashine ikikamua nguo, imetulia kabisa mbele ya bonge la zege. Mama Pasi alikuja mlangoni, akaitazama sefu iliyo wazi, na kumletea Kwa Hiyo kikombe cha maji. Kikombe hicho Kwa Hiyo alikikumbuka kwa muda mrefu kuliko matusi yote ya wateja wake.

Jua lilipokuwa linashuka alifika kwa dada yake. Barazani palikuwa na friji iliyokufa zamani, ambayo kila jioni aliitundikia koti lake. Akanyoosha mkono kulivua koti, akakumbuka. Akabaki ameishika friji. Ilikuwa imezungushiwa kamba nene yenye fundo mara mbili, kamba aliyoisugua kwa mkono wake kila jioni bila kuiona.

Dada akatoka na mto wa mama mkwe kwapani. "Umepata mlango?"

"Dada, ndani ya friji hii mna nini?"

"Hamna kitu."

"Mbona umeifunga?"

"Kwa sababu hamna kitu." Dada alimtazama kwa subira ambayo kwa kawaida aliwawekea watoto. "Ingekuwa imejaa nani angeingia? Nina watoto watatu humu, wote wanapenda kujificha. Kitu kitupu chenye mlango mzito usipokifunga, siku moja utamtoa mtoto humo hapumui. Hata ofisi zikivunjwa hufunga makabati yao matupu, wewe."

Kwa Hiyo akakaa chini, mgongo akiuegemeza kwenye friji. Uani watoto watatu walikuwa wakijificha nyuma ya mapipa na kucheka.

"Kwa hiyo..." akaanza.

Dada akangoja. Alingoja muda wa kutosha, maana alikuwa mwanamke wa haki. Hakikuja kitu.

"Utalala hapa barazani," akamwambia, na kumtupia shuka. "Na hiyo kamba usiiguse."