Soksi ya Bibi na Maji ya Rejeta

Jumatatu, 3 Machi

Hili sijamwambia mtu yeyote: nataka kuwa fundi wa magari. Tangu nimalize shule, nyumbani wakiniona nimekaa kimya wanadhani nawaza chuo cha ukarani. Nawaza rejeta. Mgeni akibisha hodi nakimbilia chumbani, lakini mbele ya injini ya dizeli sina aibu hata chembe. Injini haikuulizi mbona umekonda.

Sasa balaa. Gari la Baba, lile refu la kupanda milima, ambalo limenizidi umri, linapoteza maji. Kila safari ni kujaza. Rejeta imebadilishwa, wapi! Leo Baba katangaza kwamba Jumamosi mwenye bucha anakuja kulinunua, na kabla ya hapo mtu asiliguse. Likiondoka, ufundi nitajifunzia wapi? Kwenye cherehani?

Nitapatafuta panapovuja mwenyewe, kwa siri. Gari likipona, Baba hataliuza. Mpango hauna dosari.

Jumanne, 4 Machi

Jana jioni nilitandaza maboksi uvunguni mwa gari. Asubuhi, doa! Nikapiga magoti, nikalinusa kwa makini.

Paka.

Kwingine kote kukavu. Kaka yangu, aliyejipa cheo cha Injinia kwa sababu anajua kupiga honi, anasema ni gasketi ya silinda hedi. Kwake kila ugonjwa ni gasketi. Hata taa ya chumbani ikizimika.

Nikampigia simu fundi wa Baba. Nikaikaza sauti ikawa nzito, nikasema mimi ni mzee mmoja mwenye gari bovu. Akanisikiliza kwa heshima zote, kisha akasema haya binti, usifungue kifuniko cha rejeta injini ikiwa ya moto, utaungua uso. Akaongeza kwamba maji hayapotei, yanakwenda mahali. Nipake poda; penye unyevu patajichora penyewe. Nimekata simu bila kuaga. Aibu gani hii!

Alhamisi, 6 Machi

Baba kazini. Nikachukua poda ya Bibi, kopo zima. Nikapaka mipira yote ya maji, pampu, kila kiungo. Nikawasha injini nione.

Nilisahau kwamba injini ina feni.

Wingu! Mashati meusi ya Injinia yalikuwa kwenye kamba. Sasa ni ya kijivu. Bibi akatoka, akanitazama juu mpaka chini, akasema mke mwenzangu, unaolewa na nani leo, mbona umejiremba mpaka kope?

Ila nilipofumbua macho, poda iliyobaki kwenye injini nzima ilikuwa kavu kama unga dukani. Mbele hapavuji. Sasa maji yanakwenda wapi?

Jioni Baba akamlalamikia Bibi tena. Kapeti ya nyuma imelowa, chupa yake ya chai inamwagika kila safari. Bibi akaapa kwamba kifuniko hukikaza mpaka kiganja kinamuuma. Nikamuunga mkono Baba. Kapeti inanukia utamu, na chai ya Bibi ni sukari iliyotiwa maji.

Jumamosi, 8 Machi

Mwenye bucha kaja, kashika usukani kulijaribu. Baba mbele, mimi na Bibi nyuma. Bibi alikataa kubaki, eti analiaga gari.

Hatujafika mbali, Bibi akavua kiatu. Soksi chapachapa! Baba akaona kwenye kioo. Mama, chai tena, na mbele ya mgeni?

Bibi akamjibu, chai ipi? Leo sikubeba hata chupa!

Nikaichukua soksi. Nikainusa, mgeni akinitazama. Tamu, lakini hakuna majani ya chai wala tangawizi. Ni dawa ya rejeta, ile inayochanganywa na maji, nayo hunukia utamu! Nikapiga kelele: "Hita!" Mwenye bucha akakanyaga breki kwa miguu yote miwili.

Chini ya kiti cha nyuma kuna hita ya kuwapasha abiria joto kwa maji ya moto ya injini, ambayo hakuna anayeiwasha. Bomba lake limeliwa na kutu, linadondosha maji taratibu, na kapeti inayanywa yote. Ndiyo maana maboksi yalikuwa makavu! Tukarudi nyumbani, na injini ilipopoa nikaiunganisha mipira miwili ya hita kwa kipande cha bomba, maji yakapita bila kuigusa hita. Sasa gari halidondoshi hata tone.

Mwenye bucha akafurahi sana. Akasema kwa kuwa sasa ni zima, anaongeza bei.

Mpango wangu usio na dosari! Nilitaka kulia.

Hapo Bibi akarudi kitini pake, akajifungia mlango. Akasema amesingiziwa chai miaka na miaka, hashuki mpaka aombwe radhi, na gari haliuzwi naye akiwa ndani. Baba akaomba radhi. Hakushuka. Akaomba tena. Bibi akaagiza mto. Mwenye bucha akacheka mpaka akaketi chini, akasema basi, gari lina mwenyewe.

Limebaki!

Baba kanipongeza, ila nimeahidi kutogusa tena gari la mtu bila ruhusa. Injinia anawaambia majirani kwamba aliishuku hita tangu mwanzo.

Jumapili, 9 Machi

Mwandiko mbaya kwa sababu nimelala chali. Mwenye bucha kaja kutusalimia na pikapu yake. Mkanda wa feni unalia kama mbuzi! Nikaingia uvunguni kuangalia tu. Baba na mgeni wakatoa viti nje, wakaviweka kando ya tairi. Naona ndala za Baba. Siwezi kutoka, nitawaamkiaje kutoka huku chini?

Baba ananisifu. Anasema binti yangu katulia siku hizi, hagusi cha mtu, hivi sasa yuko chumbani anasoma. Mwenye bucha anampa hongera.

Lo! Tone la oili puani. Kumbe pikapu nayo inavuja! Na spana ninayo mfukoni.

Tafadhali, usimwambie mtu niko huku.