Bunduki Yangu Ilinuka Mbuzi Choma

Leo nimeaibika, jamani. Nawaambia nyinyi kwanza kabla wenzangu wa kambini hawajawasimulia kwa kutia chumvi. Hiki kisa hakihitaji chumvi.

Mnajua mimi ni koplo, mtu wa ile bunduki kubwa inayokula risasi kwa mkanda. Leo ilikuwa siku ya familia hapa kambini. Wiki iliyopita Meja aliniambia mbele ya watu: "Mutua, hiyo bunduki ikilia bila kukwama, utepe wa tatu ni wako." Usajenti! Mke wangu akaanza kuniita Sajenti nyumbani (nami nilikuwa naitika).

Tatizo lilikuwa mkanda. Pingili zake, vile vyuma vidogo vinavyoshikanisha risasi, zilikuwa mpya na zinabana sana. Risasi haichomoki, bunduki inakwama. Dawa yake inajulikana: unachukua risasi bandia, unaipitisha kwenye kila pingili, unaingiza, unatoa, mpaka chuma kilegee. Jana Sajenti Nzioka wa ghala la silaha aliniachia kazi hiyo. "Fanya zote, usiruke hata moja."

Nilifanya chache. Kidole gumba kikavimba. Nikajiuliza, mtu mwenye akili kama zangu anateseka kwa nini? (Ujuaji, huo hapo.)

Nikaenda kantini. Mama Mwende, mpishi wetu, alikuwa anachoma mbuzi, mafuta yanachuruzika kwenye sufuria.

"Mama, nisaidie hayo mafuta."

"Ya nini? Uko na ugali?"

"Ni ya kazi ya serikali."

"Asi! Serikali siku hizi inajipaka mafuta ya mbuzi?"

(Inajipaka, mama.) Nikauchovya mkanda wote, kisha nikapanga risasi. Uliteleza ajabu! Nikaufungia sandukuni, nikalala usingizi wa sajenti.

Sasa, kila mtu wa Machakos anajua baridi ya Julai asubuhi. Na kila aliyewahi kuchelewa kufika mezani anajua mafuta ya mbuzi yakipoa yanakuwaje. Mimi nimezaliwa hapa. Nimekula mbuzi tangu niote meno. Sikufikiria!

Asubuhi wageni wakajaa uwanjani, akina mama wamejifunika mashuka. Meja akahutubia hadi watoto wakasinzia: jeshi la kisasa, vifaa vya kisasa, mafunzo ya kisasa. Akamaliza, akaninyooshea fimbo yake. Nikafungua sanduku la kisasa. Mkanda ukatoka mweupe na mgumu kama ufito. Nikaulazimisha kuingia. Risasi zilikuwa zile za kelele tu, zisizoua. Nikafyatua.

Pa!

Moja. Halafu kimya. Nikavuta mkono wa bunduki, wapi! Nikaipiga kofi, wapi! Mtoto mmoja akauliza kwa sauti, "Baba, imeisha?"

Jasho likanitoka kwenye baridi ile. Nikauchomoa mkanda, nikaanza kuupulizia pumzi ya moto ili mafuta yayeyuke (ndiyo, kwa mdomo, mbele ya halaiki). Harufu ikaamka. Na Bosi, mbwa wa kantini, naye akaamka. Alikuja mbio, akadaka ncha ya mkanda kwa meno. Nikavuta. Akavuta. Wageni wakapiga makofi wakidhani ni sehemu ya maonyesho!

Meja akaja taratibu. Akainama, akanusa.

"Koplo, hii ni nini?"

"Mafuta, Afande."

"Ya bunduki?"

"Ya mbuzi, Afande."

Nikamtazama mke wangu. Alikuwa amejifunika uso kwa leso, mabega yanatikisika. Nikaomba Mungu awe analia. Alikuwa anacheka.

Meja hakufoka. Ingekuwa afadhali afoke. Alisema tu, "Utepe utangoja. Kwa sababu unapenda mbuzi, nenda ukachomee wageni." Nimechoma hadi alasiri, macho yamejaa moshi, na kila mgeni aliyekuja na sahani ameniuliza kama nyama haitakwama. Nzioka amekuja mara mbili. Hakuwa na njaa.

Naandika haya nikiwa saiba, kwenye kompyuta za kukodi hapa mjini, maana nyumbani siwezi kwenda bado. Mkitaka kucheka, chekeni. Ila msiseme leo nimekosa wafuasi: Bosi amenifuata kutoka kambini, amelala hapa mlangoni, anangoja kulamba mikono yangu.