Glasi ya Baba Bom

Tik. Kitu kidogo kiligonga sufuria ya umeme gizani, kikabingirika sakafuni, kikanyamaza. Eun-sil hakuwasha taa. Alishakijua: kifungo cha suruali ya mumewe, cha pili wiki hii. Kando ya godoro Tae-sik alikuwa amejikausha kama mwizi aliyekanyaga sahani.

"Suruali za siku hizi," akanong'ona, "zinashonwa hovyo sana."

Jumamosi iliyokuwa inakuja kulikuwa na michezo ya chekechea, na kila baba hutambaa na mwanawe ndani ya handaki la kitambaa. Mwaka jana Tae-sik alinasa katikati. Walimu wakamvuta kwa miguu, na Bom akatokea upande wa pili peke yake, akiangalia nyuma. Mwaka huu baba mtu aliapa atapita. Akaacha wali wa usiku. Soju, ile pombe kali ya Kikorea, hakuiacha, maana soju, kwa maelezo yake, ni maji tu yenye hasira.

Jioni, kwenye meza ya plastiki mbele ya duka la Eun-sil, aliyeleta balaa ni Mzee Redio, ambaye redio yake ndogo haimtoki mfukoni.

"Wametangaza," akasema. "Chupa moja ya soju inanenepesha kuliko bakuli la wali."

"Redio hiyo hiyo iliyosema jana mvua itanyesha?" Tae-sik akauliza.

Daktari akatikisa mabega kwa kicheko. Huyu anauza nyama. Udaktari kaupata kwa koti lake jeupe la buchani.

"Kumbe Baba Bom anaacha bakuli moja nyumbani, anakuja kumaliza mawili hapa. Tena hata kutafuna hatafuni."

"Kinachonenepesha ni hizo ngozi zako za nguruwe, Daktari."

"Ngozi zangu huzigusi mpaka glasi ya tatu. Mwanzoni unajifanya umeshiba. Pombe ndiyo inayokutuma."

"Sikilizeni. Mimi tangu nizaliwe sijawahi kujimiminia hata tone. Mnamimina nyinyi. Sasa kitambi hiki ni cha nani?"

Ni kweli, pale hakuna anayejimiminia, ni aibu. Glasi yako ikikauka mwenzako anaijaza, nawe unapokea kwa mikono miwili.

"Cha ushirika," Mzee Redio akaamua.

"Basi Jumamosi wanachama wote twende," Daktari akasema, "kila mtu asukume hisa yake mle handakini. Shemeji, unacheka? Si wewe unayetuuzia?"

"Nauza na maji ya shayiri," Eun-sil akajibu, ingawa kicheko kilikuwa kimeshamwisha. "Hayo hamjawahi kuyaulizia."

"Dawa ni rahisi," Mzee Redio akamwinamia Tae-sik. "Bakiza kidogo. Glasi yenye kitu haiongezwi. Hata mimi na mvi hizi siwezi kukumiminia juu ya mabaki, anayeongezewa hivyo ni marehemu tu, kwenye matambiko."

"Nibakize alichonimiminia mkubwa wangu? Mzee, mimi nimelelewa."

Akageuza uso pembeni kwa heshima, akaikausha. Daktari akainua chupa.

Bom, miaka mitano, alikuwa kachuchumaa kando akichora handaki kwa chaki, kubwa, lenye mlango mpana kama wa gereji. Akaweka chaki chini. Akaingia dukani, akarudi na jagi la maji ya shayiri kalikumbatia, akajipenyeza mbele ya Daktari, akaimiminia glasi ya baba yake kwa mikono miwili mpaka ukingoni.

Chupa ya Daktari ikabaki hewani. Mzee Redio akazima redio.

Tae-sik akaipokea glasi kwa mikono miwili, kama anavyopokea ya wakubwa. Mkono wa Eun-sil ulikuwa mfukoni mwa aproni, umekifumbata kile kifungo. Mumewe akanywa funda moja, la pili, akaanza kuiinamisha glasi aikaushe.

"Baba, usimalize."