Sinunui Tundu, Nanunua Sinki

Jumatatu, 27 Aprili

Nimetukanwa! Tena jana baada ya misa, watu wamesimama na vikombe vya chai mkononi.

Jumamosi hii binti yangu Natalia anapokea Komunyo ya kwanza. Nimemwahidi sherehe itafanyika nyumbani kwetu, hapa Grand Prairie, si kwa watu. Kwa hiyo Immaculate, katibu wa jumuiya yetu ya Watanzania, akamwagiza mwanajumuiya mwenzetu Wilbroad anikabidhi sufuria ya jumuiya. Ndiyo ile kubwa, iliyotoka Moshi kwa ndege ikiwa imejazwa vitenge, na ni hiyo tu inayotosha pilau ya watu themanini. Miaka minne imekaa kwa Wilbroad kule Mesquite. Miaka minne sherehe zote zimefanyika Mesquite, maana kwetu sherehe hufuata sufuria.

Wilbroad akaipakia kwenye gari langu akitabasamu. Akasema sinki letu ni la kuoshea vikombe vya chai, kwa hiyo nikishindwa nimrudishie tu, hatanicheka. Hatanicheka! Watu wote wakacheka.

Ni kweli sinki letu lina mabakuli mawili madogo. Mke wangu Flaviana analilalamikia tangu tuhamie. Lakini wa kulisema ni sisi wenyewe, si Wilbroad.

Leo nimeomba ruhusa kazini, nikaenda dukani na sufuria kichwani. Nikaijaribisha kwenye sinki moja baada ya jingine mpaka nikapata la bakuli moja, kubwa, ikakaa ndani bila kugusa popote. Muuzaji akauliza tundu kwenye jiwe la kaunta yangu lina inchi ngapi. Nikamwambia sinunui tundu, nanunua sinki. Maswali gani haya! Miaka tisa mimi ni msimamizi ghalani, napanga mizigo kwenye malori. Nifundishwe vipimo na kijana wa duka?

Flaviana yuko kwenye zamu zake hospitalini, anarudi jioni amechoka. Nilipompigia simu alisema niite fundi. Nikakataa. Basi akasema neno moja: jiwe lisiguswe. Jiwe hilo ndilo lililomfanya akubali kuinunua nyumba hii. Nikamwapia.

Sinki la zamani lilikuwa limebandikwa chini ya jiwe kwa silikoni, ile gundi inayokauka kama mpira. Nikajilaza ndani ya kabati, nikakata silikoni kwa kisu cha samaki cha Flaviana. Kisu kimekufa. Sinki lote likashuka kwa mpigo, likanitua tumboni. Nikaliburuta hadi kando ya barabara, na kabla sijamaliza kunywa maji, mzee mmoja mwenye pikapu akalibeba. Hakuna kurudi nyuma.

Jumanne, 28 Aprili

Ushindi! Naandika saa kumi jioni, nina silikoni mpaka kwenye nyusi.

Kazi yenyewe ni ya akili. Unapaka silikoni kwenye ukingo wa sinki, unalisukuma juu mpaka likutane na jiwe, unalishikilia hapo likauke. Watu wa kawaida huita msaada. Mimi nilichukua jeki ya gari.

Na hapo wazo likanijia, ambalo bado nasema lilikuwa zuri. Nikaiweka sufuria ndani ya sinki kabla ya kulipandisha, ili picha ya kwanza kabisa iwe ya sufuria imetulia ndani ya sinki langu. Nikazungusha jeki. Vikapanda pamoja, taratibu, mpaka juu. Nikapiga picha, nikaituma kwenye grupu la jumuiya. Nikaandika: "Vikombe vya chai hivi hapa."

Pongezi zikamiminika. Immaculate akatangaza rasmi kwamba sherehe ni Grand Prairie. Wilbroad akaandika "Hongera" bila hata alama ya mshangao. Natalia akanikumbatia shingoni, akapata silikoni kwenye nywele.

Saa kumi na moja. Nimejaribu kuitoa sufuria. Haitoki.

Jumatano, 29 Aprili

Nimepima. Sinki lina inchi kumi na tisa ndani. Sufuria ina kumi na nane. Tundu la jiwe lina kumi na sita.

Nani alikata tundu dogo namna hii? Waliojenga nyumba hii hawajawahi kupika pilau maishani mwao! Sufuria imekaa pale chini kwa raha, ukingo wake umejificha chini ya jiwe pande zote mbili. Nimejaribu kuilaza. Nimejaribu kuizungusha. Nimeipaka mafuta ya nazi, kisha sabuni, kisha nikaijaza barafu, maana chuma hunywea kwa baridi. Haikunywea. Sasa ni sufuria ileile, ila inateleza na ina baridi.

Natalia akaja akachungulia. Akauliza kwa Kiingereza kama pilau yake itapikiwa humo humo. Nikamwambia nyumbani kwangu tunaongea Kiswahili. Akauliza tena kwa Kiswahili. Ikauma zaidi.

Flaviana alirudi, akasimama mbele ya kaunta na viatu vya kazi miguuni. Kisha akasema kitakachokatwa ni silikoni au sufuria, lakini si jiwe. Kukata sufuria ya jumuiya! Si bora niuze nyumba. Na silikoni siikati. Ndiyo kazi pekee iliyotoka vizuri.

Alhamisi, 30 Aprili

Nimepata njia. Nikampigia Immaculate, nikamweleza kwamba sufuria itabaki ndani ya kaunta makusudi, ijazwe barafu na soda, watu wajichotee wenyewe. Mtindo mpya, kule mji wa Katy watu wote wanafanya. Akauliza pilau itapikwa kwenye nini. Nikasema siku hizi watoto wanapenda piza.

Akakata simu. Nikajua amekubali.

Kumbe amempigia Flaviana, na Flaviana akamweleza kila kitu, pamoja na barafu. Nimesalitiwa ndani ya nyumba ninayoilipia! Jikoni hakuna maji, vyombo tunaoshea kwenye beseni la kuogea, halafu mimi ndiye wa kunyamaziwa mezani.

Ijumaa, 1 Mei

Wamemleta Wilbroad. Kwangu!

Aliingia na begi dogo. Ndani mlikuwa na waya mmoja wa gitaa, maana anapiga gitaa kwenye kwaya. Akajilaza kwenye kabati langu, juu ya taulo langu, akaanza kuuvuta waya huku na huku kati ya sinki na jiwe, akikata silikoni. Mimi nikapewa kazi ya kushika jeki. Nikajibana pembeni yake humo ndani, vichwa vyetu vikikaribia kugusana. Akatazama nje kama Flaviana yuko mbali, kisha akasema polepole:

"Kwangu ilinasa mwaka wa kwanza. Tangu siku hiyo naiosha nje kwenye nyasi, kwa mpira wa maji. Usimwambie mtu."

Miaka minne! Miaka minne nimelionea wivu sinki la mtu anayeoshea sufuria kwenye nyasi!

Jeki ikashuka na sinki lake. Sufuria ikatoka bila mkwaruzo. Jiwe zima. Nilitaka kufurahi, lakini Immaculate akapiga simu akasema nyumba isiyo na maji jikoni haiwezi kupikia watu themanini. Sherehe imehamia Mesquite. Natalia akatoka na gauni lake jeupe mkononi kulipeleka kwenye gari la Wilbroad. Alipita mbele yangu bila hasira.

"Baba, ulisema nyumbani."

Nikaenda gereji. Nikakaa juu ya sinki tulilolishusha. Nimeona aibu, nalisema hapa kwa sababu hakuna anayesoma.

Jumapili, 3 Mei

Sherehe ilifana. Pilau ilikuwa nzuri. Hicho ndicho kinachoniudhi.

Siri ya Wilbroad nimeitunza. Nimemwambia Immaculate peke yake.

Safari hii Immaculate ameamua sufuria ikae kwa wenye sherehe mpaka sherehe nyingine, kwa hiyo imerudi kwangu. Wilbroad alinipakilia haraka ajabu. Njiani Natalia akauliza kama sikukuu yake ya kuzaliwa mwezi ujao itakuwa nyumbani. Nikamwapia.

Flaviana ameshamwita fundi wa sinki, atakuja Jumanne. Nilipouliza kampata wapi, akasema kwa Wilbroad. Kwa Wilbroad! Nimempigia fundi, nimemwambia asije.

Nimelitazama jambo hili kwa utulivu. Sinki halikuwa na kosa. Sufuria haikuwa na kosa. Kosa ni la tundu, tena ni inchi mbili tu. Jirani ameniazima mashine ya kukatia mawe. Flaviana alisema jiwe lisiguswe, lakini inchi mbili si kugusa. Ameingia kazini leo, anarudi jioni, atakuta mambo tayari.

Sinki nimeshalipandisha kwa jeki, silikoni inakauka. Vumbi la jiwe ni baya sana, linaingia kila mahali, na sitaki likwaruze sinki jipya. Kwa hiyo kabla ya kulipandisha niliweka sufuria ndani yake, ili ilikinge.